Geti Halipendi Meno

Msasa alikuwa na povu mashavuni na wembe shingoni siku riziki ilipomfuata. Wapo watu ambao riziki huwakuta kazini wakitoka jasho. Yeye siku zote ilimkuta amekaa, maana kusimama kulimchosha.

Kwenye kiti cha pili cha kinyozi alikaa bwana mmoja aliyetoka safari ya ng'ambo, na bwana huyo alikuwa analalamika. Alieleza kwamba huko siku hizi mgeni haonani na mtu. Unashuka kwenye ndege, unafuata mishale, unakuta safu ya mageti ya kioo. Unalaza pasipoti kifudifudi juu ya mashine, mlango wa kwanza unafunguka, unaingia kama kuku tunduni, unasimama juu ya nyayo zilizochorwa sakafuni, na kamera inakukodolea. Ikikukubali, taa ya kijani, unapita. Ikikukataa, msalaba mwekundu, na foleni nzima nyuma yako inakutazama kama mwizi wa kuku huyohuyo. Yeye ilimkataa kwa sababu ya kofia. Akavua kofia, ikamkataa tena kwa sababu ya kutabasamu.

"Kutabasamu nako ni kosa?" kinyozi aliuliza.

"Geti halipendi meno," akasema msafiri. "Kwenye picha ya pasipoti umenuna, basi na wewe unune. Ukilipelekea sura nyingine, linakuona mtu mwingine."

Kinyozi alisikitika. Wateja kwenye benchi walisikitika. Msasa alifumba macho ili wasione yanavyong'aa. Alikuwa anauona mji mzima umeingiwa na hofu ya kitu kimoja, na hofu ya watu wengi, kwa mtu wa kazi yake, ni mtaji usiodai dhamana.

Jina lake halisi lilijulikana na pasipoti yake na mama yake mdogo tu. Mji ulimwita Msasa kwa sababu popote alipopitisha maneno yake palibaki laini: mashaka yaliisha, na mara nyingi mifuko nayo iliisha. Silaha yake ya pili ilikuwa tabasamu. Alitabasamu akisalimu, akiapa na akikimbia. Mpiga picha wa pasipoti alihangaika naye mpaka akakata tamaa, kisha akamwambia studio inaungua. Ndipo akapata sura moja isiyo na meno, sura ya mtu aliyefiwa. Msasa mwenyewe hakupenda kuitazama picha ile. Alisema huyo si yeye.

Akakodi chumba kilichokuwa bucha. Vigae vyeupe ukutani vilibaki, na kulabu za nyama zilibaki zikining'inia darini, lakini mlangoni palipakwa maandishi mapya ya bluu: CHUO CHA USO. Seremala wa jirani akamtengenezea geti la plaiwudi, akalipaka rangi ya kijivu, akalipachika kioo cha friji la soda lililokufa. Kamera ilikuwa tochi. Nyayo zilichorwa kwa kufuata viatu vya seremala, na kwa kuwa seremala ana miguu ya kwenda pande mbili, wanafunzi wote wa chuo kile walisimama kama bata. Ndani mliwekwa taa mbili, nyekundu na ya kijani, zikaunganishwa na pedali ya cherehani ya umeme iliyofichwa chini ya zulia. Pedali hiyo Msasa aliiazima kwa mama yake mdogo bila kumsumbua kwa kumwambia. Seremala naye aliahidiwa ujira wake geti litakapoanza kuzaa.

Likazaa upesi. Msasa aliwafundisha watu yale yale aliyoyasikia kwa kinyozi, ila kwa lugha ya kupanda na kushuka. Vua kofia, vua miwani, usipunge mkono, usisalimie mashine, haina adabu ya kuitikia. Nuna. Si kununa kwa ugomvi. Nuna kama mtu anayesikiliza hotuba. Mwanafunzi akinuna vizuri, Msasa alibonyeza kwa kisigino, taa ikawa ya kijani, na darasa likapiga makofi. Akicheka, nyekundu. Haki ya Mungu, mpaka hapo hakuna aliyedhulumiwa. Kama Msasa angeishia hapo, hadithi hii isingekuwepo, na chuo kingekuwa na faida kuliko vyuo vingi vyenye majengo marefu.

Lakini siku moja aliingia Mzee Vigae.

Mzee Vigae alikuwa na duka la vigae na masinki, tumbo la kutangulia, na safari ya ng'ambo kwenda kutafuta bei nafuu kuliko wenzake. Alisikiliza somo mpaka mwisho, kisha akauliza kama hakuna njia ya mtu mkubwa kupita bila kusimama kwenye foleni na watoto wa watu. Msasa akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti mpaka Mzee Vigae akalazimika kuinama. Akamwambia njia ipo. Uso unaweza kusajiliwa. Ukisajiliwa hapa, mageti ya dunia nzima yanaujua, na ukikaribia tu yanafunguka yenyewe kama milango ya hoteli.

Mzee Vigae akaingiza mkono mfukoni. Msasa akaushika ule mkono kwa upole.

"Noti hapana, mzee wangu. Uso hausajiliwi kwa noti. Noti ina picha ya mtu mwingine. Mashine itasoma sura mbili, yako na yake, nawe utafika huko ukiitwa jina la marehemu."

"Sasa nilipe kwa nini?"

"Kitu cha thamani kisicho na uso."

Mzee Vigae alifikiri, uso wake ukiwa umekunjamana kwa akili nyingi. Kesho yake alirudi na bangili za dhahabu za mkewe.

Msomaji asicheke. Maneno haya ukiyatazama kwa mbali yamesimama vizuri. Huanguka ukiyagusa tu, na Mzee Vigae hakuwa mtu wa kugusa jambo lililomfurahisha. Alisimama kama bata, akanuna, akaangaziwa tochi usoni, akasajiliwa. Jioni ile akawaambia rafiki zake kwa siri, na siri ya mtu mwenye pesa husafiri haraka kuliko tangazo. Wakaja wenye maduka, wenye magari, mwenye shule, mwenye zahanati. Kila mmoja alitaka apite kabla ya mwenzake, na kila mmoja alikuja na kitu cha thamani kisicho na uso, mara nyingi kutoka kwenye sanduku la mke.

Katikati ya neema hiyo akatokea Mama Mdogo.

Alikuwa mdogo wa mama yake Msasa, na ndiye aliyemlea tangu mama huyo alipofariki. Alikuwa mshonaji. Chumba chake cha mbele kilijaa magauni ya harusi ya kukodisha, na kwenye ndoano kando ya kioo zilining'inia bangili, cheni na pete za shaba zilizopakwa rangi ya dhahabu, za kuwavalisha maharusi ambao wachumba wao walikuwa na mapenzi tu. Binti yake aliolewa ng'ambo, na sasa alikuwa amejifungua. Tiketi ilikuja, viza ilikuja. Kilichokuwa hakijaja ni ujasiri.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia unafundisha watu kununa."

Akamweleza shida yake akiwa amesimama chini ya kulabu za nyama. Hakuogopa ndege, wala baridi. Aliogopa geti. Umri wake wote alikuwa akipimwa na watu, na watu huweza kuongeleshwa. Mashine ikimkataa mbele ya umati, atarudi nyumbani na uso gani? Na mjukuu wake atakua akimjua kwa simu tu, bibi wa kwenye kioo. Alisema hayo bila kulia, akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake, na Msasa, ambaye hakuwa mtu mbaya nje ya saa za kazi, alimfundisha bure. Akamsimamisha kwenye nyayo, akamwambia anune. Mama Mdogo akanuna. Kisigino kikabonyeza, pedali ikalia tik, taa ikawaka kijani.

"Nirudie," akasema.

Akarudia, na mara ya tatu alikuwa hatazami taa. Alikuwa anatazama zulia. Kisha akamtazama mwanawe, kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akamshukuru, akaenda zake.

"Mtu anayenuna hivyo," Msasa aliliambia darasa, "geti litamwamkia shikamoo."

Mama Mdogo alikuwa na kisa kimoja alichopenda kumchokoza nacho. Msasa alipokuwa mtoto, kwenye maziko ya babu yake, kofia ya mjomba mkubwa iliruka kwa upepo ikatumbukia kaburini. Watu wako kimya, dua inasomwa, na mjomba anabishana kwa kunong'ona na wachimbaji kwamba kofia ni mpya na marehemu haihitaji. Msasa alicheka mpaka akabebwa kutolewa makaburini. Tangu siku hiyo, ukitaja kofia ya mjomba mbele yake, hata awe anaumwa jino, lazima aanguke kwa kicheko.

Basi siku ya safari ya Mzee Vigae ikakaribia, na Msasa alijua kwamba siku Mzee Vigae atakapofika ng'ambo na kutembea kifua mbele kuelekea geti lisilofunguka, paji lake la uso litagonga kioo na mlio wake utasikika mpaka kwenye bucha. Ulikuwa wakati wa mwalimu naye kusafiri. Akapiga simu kwa binti wa Mama Mdogo, akamwonyesha kwa maneno jinsi isivyofaa mtu mzima kusafiri peke yake, na binti akatuma mwaliko wa pili, uliompatia Msasa viza. Seremala aliambiwa kwamba mwalimu anakwenda kufuata vifaa, na ujira wake atarudi nao.

Ilibaki dhahabu. Akaipeleka kwa Mama Mdogo kwenye mfuko wa kitambaa, akaumimina juu ya meza ya kukatia nguo.

"Za nani hizi?" Mama Mdogo akauliza.

"Ada za wanafunzi. Nataka uzivae safarini."

"Wanajua zinasafiri?"

"Wanajua zimeingia kwenye usajili. Mwanamke akivaa dhahabu ni pambo, Mama. Mwanamume akiibeba ni kesi."

Mama Mdogo akaokota bangili moja, akaigeuza, akaiweka chini. Alisema alikuwa ametamani kumshika mjukuu wake kwa mara ya kwanza kwa mikono yake mwenyewe, si kwa mikono iliyovaa vya watu. Msasa akacheka, akambusu kichwani, akamwambia mtoto mchanga hajui bei ya kitu. Akawa amemaliza. Mama Mdogo hakubisha tena. Aliuvuta mfuko upande wake wa meza, akasema amwachie, atazipima zinavyomkaa.

Siku ya safari alizivaa zote, mpaka karibu na viwiko, mikono mirefu ya gauni ikizifunika. Uwanjani walipita karibu na ukumbi wa wanaowasili, na Msasa akaona mafundi wenye kofia ngumu wakisimika mageti mapya ambayo bado yamevikwa nailoni. Akamnong'oneza Mama Mdogo kwamba hata kwao yanaingia. Chuo kingekuwa na kazi ya miaka. Ndani ya ndege alilala akitabasamu.

Ng'ambo kulikuwa kama msafiri wa kwa kinyozi alivyosema: mishale, sakafu inayong'aa, na safu ya mageti ya kioo yakimeza watu na kuwatema upande wa pili. Hakuna mlio wa pedali. Msasa alihisi heshima fulani, kama mganga wa uongo anayeingia hospitali.

Walifika mbele. Mama Mdogo alivua miwani, akaiweka kwenye mkoba. Akashika pasipoti kama alivyofundishwa. Kisha akageuka, akamshika mwanawe shavu, na bangili zikalia ndani ya mkono wa gauni.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "ukifika pale, chochote utakachofanya, usikumbuke kofia ya mjomba."

Akaingia. Akasimama juu ya nyayo. Akanuna, na kilikuwa kinuno cha kuwekwa makumbusho. Taa ya kijani. Akapita.

Msasa alikuwa tayari ameanza. Kicheko kilianzia tumboni. Akalaza pasipoti, mlango wa kwanza ukafunguka, akaingia akiwa amebana midomo kama mtu aliyeficha pipi. Kamera ikamtazama. Akaiona kofia ikiruka. Msalaba mwekundu. Akajipiga kibao, akavuta pumzi, akafikiria magonjwa. Akaona mjomba akichungulia kaburini. Msalaba mwekundu. Nyuma ya kioo cha pili, Mama Mdogo alikuwa amesimama akimtazama kwa ule uso wa darasani, haupepesi, na hapo Msasa akaangua kicheko kilichowafanya watu wa foleni tano wageuke. Geti lilisubiri akomae, halikuona dalili, likamfungulia upande, kwenye meza ya ofisa.

Hata hapo hakuogopa. Ofisa ni mtu, na mtu huwa ana masikio. Bahati mbaya masikio ya ofisa huyu hayakujua lugha yake, na simu ikawekwa mezani yenye mkalimani ndani, mwanamke mwenye sauti kavu kama mkate wa juzi. Msasa alimwaga maneno yake matamu kuliko yote. Yakatoka upande wa pili wa simu yakiwa mafupi, yamenyooka, hayana sukari. Ofisa akauliza amekuja kufanya nini. Msasa akasema kumsindikiza mama, kisha kwa mazoea akaongeza kwamba yeye ni daktari wa mama huyo, na alipoona daktari hakupokewa vizuri, akawa pia mchungaji. Ofisa akauliza tiketi ya kurudi iko wapi. Ilikuwa tiketi ya kwenda tu. Mkalimani akauliza, kwa hiari yake mwenyewe, kama kicheko nacho akitafsiri.

Mama Mdogo akaitwa. Alisimama upande wa pili wa meza, na ofisa akamuuliza kama anamfahamu mtu huyu na kama atakaa naye.

"Ni mwanangu," akasema. "Nimemlea. Amenileta salama, Mungu ambariki, na kazi aliyokuja kuifanya imekwisha. Kwa binti yangu kuna chumba kimoja, nami sikuambiwa kwamba anahamia."

Simu ikalirudisha hilo kwa lugha ya ofisa, na ofisa akaanza kuandika.

Msasa aliacha kucheka. Alimwinamia mama yake mdogo na kumnong'oneza kwamba amrudishie basi mali yake. Alitarajia ugomvi. Mama Mdogo akapandisha mikono ya gauni pale pale, akazivua bangili moja moja, na cheni, na pete, akazirundika mezani mbele yake. Ofisa akaziangalia, akaona mapambo ya mama na mtoto wake, akarudi kwenye karatasi zake.

"Ukifika nyumbani," Mama Mdogo akasema, "omba radhi kwanza. Kucheka kutafuata. Halafu uje tena kwa njia iliyonyooka, mtoto atakuwa bado mdogo." Akamtazama kidogo, macho yakiwa mekundu ila uso haukubadilika. Kisha akaenda, na kwa mbali Msasa akamwona yule binti akija mbio na kitu kidogo kilichofungwa kwenye blanketi la njano, na mikono mitupu ya Mama Mdogo ikinyooshwa.

Kwenye ndege ya kurudi alikalishwa siti ya nyuma kabisa, karibu na choo. Lakini mtu wa namna ile hafi kwa siku moja. Alikuwa amezivaa bangili zote chini ya shati, na akili yake ikaanza kupanga: mji mwingine, chuo kingine, labda Chuo cha Vidole. Akatoa jasho kwa mipango. Katikati ya safari alikunja mikono ya shati apate hewa, akaona ngozi yake.

Ilikuwa ya kijani. Duara moja baada ya jingine, kutoka kiganjani mpaka kiwikoni, kijani kibichi kama taa ya kupita. Dhahabu haifanyi hivyo. Shaba ndiyo inayofanya hivyo, shaba iliyopakwa rangi, iliyokwisha kuvaliwa na maharusi wengi wenye mapenzi tu. Aliikumbuka ndoano kando ya kioo. Akaukumbuka mfuko ukivutwa taratibu upande wa pili wa meza. Abiria wa jirani akamuuliza kama anaumwa.

Ukumbi wa wanaowasili ulikuwa unanukia rangi. Nailoni ilikuwa imeondolewa. Mageti mapya yalisimama yanang'aa, na mfanyakazi mwenye kizibao aliwaelekeza watu huko kwa furaha ya mtu aliyezindua kitu. Msasa akasogea na foleni, hana hili wala lile, mpaka akawa wa mbele. Hapo ndipo alipotazama kupitia vioo.

Walikuwepo wote, kama watu waliopigiwa simu kutoka ng'ambo. Mbele alikuwa Mzee Vigae, na kando yake mkewe, bangili zake zikimetameta mkononi ambako hazikutakiwa kutoka. Mwenye shule alikuwa na cheni yake, mwenye zahanati na pete yake. Seremala alisimama katikati, amekumbatia pedali ya cherehani. Walikuwa wamenuna, kila mmoja, vizuri sana, si kununa kwa ugomvi, kama watu wanaosikiliza hotuba. Hakupata kuwa na darasa lililoelewa somo kiasi kile.

Msasa akarudi hatua moja nyuma, akakanyaga kidole cha mtu. Mlango wa kwanza ukafunguka. Akaingia, kwa kuwa nyuma hakukuwa na nafasi.

Likatae, akaomba. Likatae tu, nipelekwe kwa ofisa, niwekwe ndani hata mwezi. Akajua la kufanya. Akatabasamu. Midomo haikwenda. Akaivuta kwa vidole, ikarudi. Akafumba macho akaiita kofia ya mjomba: akaona upepo, akaona kofia inaruka, inazunguka, inatua. Safari hii aliona pia kaburi, na babu yake ndani, na mwanamke kijana aliyembeba mtoto anayecheka akimtoa makaburini, akimfunika uso kwa kanga yake ili watu wasimlaumu.

Akafumbua macho. Kamera ikamtazama, ikatazama picha ya yule aliyeambiwa studio inaungua. Kwa mara ya kwanza tangu ipigwe, picha ile na mwenyewe walikuwa mtu mmoja.

Taa ikawaka kijani, na geti likafunguka bila kusita.